Shamba la Baba Mkwe Limesimama Wima

Nimezaliwa na kukulia Dodoma, kwa hiyo kwenye zabibu mtu hanidanganyi. Kwetu mzabibu unapandwa mahali ambapo binadamu anaweza kusimama, akajikuna, akapiga soga na jirani bila kushikilia kitu. Jua lipo bure, mvua ikigoma unamwagilia, na mavuno ni mara mbili kwa mwaka. Kisha nikaoa binti wa mkulima wa zabibu wa bonde la mto Mosel, huko Ujerumani, na mpaka leo sijaambiwa mababu wa watu hawa walimkosea nini Mungu hata wakahukumiwa kulima ukutani.

Ukutani, ndiyo. Mosel unajipindapinda kutoka Trier hadi Koblenz, na kingo zake zimeinuka hivi kwamba shamba unaliangalia kwa kuinua kidevu. Kule Bremm kuna mlima unaitwa Calmont ambao mteremko wake unafika digrii zipatazo 65, na wenyeji wanajigamba kwamba Ulaya nzima hakuna shamba la mizabibu lililosimama kuliko hilo. Wanajigamba! Kwetu mtu akirithishwa shamba la namna hiyo anaitisha kikao cha ukoo. La baba mkwe halijafikia la Calmont, lakini ukidondosha mkasi wa kupogolea unaufuata barabarani, na ukijidondosha mwenyewe wanakufuata hapohapo.

Kuna kijigari cha injini kinachopanda mlima kwa reli moja yenye meno. Kinabeba kreti, nguzo, dawa na baba mkwe. Nilipouliza kama kuna nafasi nyingine, mzee aliitazama reli, akanitazama mimi, akaiwasha injini. Mimi napanda kwa miguu, na mikono, na mara nyingine kwa kidevu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ardhi tambarare ipo. Iko chini pale, kando ya mto, kijani kibichi, pana, imelala vizuri. Wamewaachia watalii waegeshe magari yao ya kulala. Siku moja nikamwambia, “Mzee, kwa nini tusilime pale chini?” Nilijibiwa kwa mhadhara. Huku tuko latitudo ya 50 kaskazini, jua halipandi kichwani, linakuja kwa mshazari. Mteremko uliogeukia kusini unalipokea usoni, shamba la tambarare linalipata la kupita tu. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka na kulala bondeni, kwa hiyo jalidi inaanza na wale wa chini. Mto unaakisi mwanga na kupunguza ukali wa baridi. Halafu kuna mawe. Udongo wa shamba letu si udongo, ni vipande vya sleti, mawe meusi bapa yanayokunywa joto mchana na kuirudishia mizabibu usiku. Mawe hayo yana heshima kuliko mimi. Mvua ikiyaporomosha, yanakusanywa na kupandishwa tena juu. Mimi nikiporomoka, naambiwa niangalie ninapokanyaga.

Kwa maneno mengine, mzee yuko sahihi, na hilo ndilo linalokera.

Waliowaponza watu hawa ni Warumi. Pale Neumagen, kando ya Mosel, ilipatikana sanamu ya jiwe ya mwaka 220 hivi baada ya Kristo: jahazi limesheheni mapipa ya mvinyo, wapiga makasia wamejipanga, na mshika usukani mmoja ana uso wa furaha hata wenyeji wamempa jina la baharia mchangamfu. Ya asili iko kwenye makumbusho ya Trier. Nimeenda kuitazama kwa makini. Anayetabasamu ni msafirishaji. Mkulima hakuchongwa.

Na kana kwamba ukuta hautoshi, mwaka 1787 mtawala wa Trier, Askofu Mkuu Clemens Wenceslaus, aliamuru mizabibu duni ing’olewe na mahali pake ipandwe iliyo bora, ndipo Riesling ikazidi kutamba. Riesling ni zabibu nzuri, sibishi. Lakini huiva kwa kuchelewa. Yaani katika nchi ambayo joto likija unawapigia simu ndugu zako kuwaarifu, walichagua zabibu isiyo na haraka.

Kuhusu majira ya baridi sitasema mengi. Mwezi wa Januari tunapogoa, vidole vinakufa ganzi, pua inachuruzika, basi. Ya Machi ndiyo siwezi kuyapita. Matawi yaliyobakizwa yanapaswa kukunjwa nusu upinde huku na nusu upinde huku, yafungwe kwenye nguzo, kila mzabibu utoke na umbo la moyo. Watalii wanapiga picha mioyo hiyo na kupeleka kwa wachumba wao. Hawajui kwamba tawi kavu likikunjwa linavunjika, kwa hiyo kazi inangoja siku yenye unyevu. Siku nzuri ya kufunga mizabibu ni ile ambayo mtu mwenye akili zake yuko ndani na blanketi: manyunyu, ukungu, tope la sleti. Baba mkwe anafungua dirisha alfajiri, anaona mvua, anapiga mluzi wa furaha. Mimi nikisikia mluzi ule tumbo linanikata.

Kisha wanakuja Watakatifu wa Barafu. Hawa ni Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius na Sophie, na zamu yao ni kuanzia Mei 11 hadi 15. Nimelelewa nikijua kwamba mtakatifu unamwomba aje akusaidie. Hawa unawaomba wapite bila kusimama. Machipukizi yametoka, laini, ya kijani kinachong’aa, na usiku mmoja tu wa nyuzi chache chini ya sifuri unatosha kuyageuza meusi. Mwaka 2024 baridi haikungoja hata zamu ya watakatifu. Ilipiga Aprili, na mabonde ya Saar na Ruwer, yanayomwaga maji yao Mosel, yakaumia vibaya. Wenye uwezo wanawasha mishumaa mikubwa ndani ya makopo, mamia kwa hekta moja, shamba zima linamulika usiku wa manane. Kwa mbali ni pazuri mno. Kwa karibu ni moshi, na mkwe wako anakukimbiza na kiberiti.

Mwaka ule mjomba alinipigia simu kutoka Dodoma.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Wakwe zako hawajambo? Shamba linasemaje?”

“Hawajambo, mjomba. Shamba limepigwa na jalidi kidogo.”

“Oo, poleni sana. Basi mtajikwamua na msimu wa pili.”

“Hakuna wa pili, mjomba. Huku tunavuna mara moja.”

Akanyamaza kidogo. “Mara moja kwa mwaka?”

“Mara moja.”

“Na hiyo moja mna hakika nayo?”

“Hapana.”

“Mwanangu,” akasema kwa upole ambao sijausikia tangu msiba wa bibi, “nauli ya kurudi unayo?”

Jalidi ikipita, zinakuja kuvu. Mvua za Juni na joto lake haba vinalea kuvu za majani ambazo Wazungu waliletewa na mizabibu kutoka Marekani karne ya 19, ikawaletea pia kadudu ka mizizi kalikokaribia kuimaliza mizabibu ya Ulaya nzima. Salfa inapigwa, shaba inapigwa. Milima mingine haipandiki na mashine, kwa hiyo dawa inamwagwa kwa helikopta, na rubani wa helikopta anapenda asubuhi na mapema kabla ya upepo. Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro, unaamshwa na mngurumo juu ya paa. Nilihama Dar es Salaam nikikimbia spika za jirani.

Baada ya kuvu ni nguruwe pori wanaoshuka kutoka msituni, ni kwezi wanaotua kwa makundi, ni nyigu. Kila mmoja anasubiri zabibu ziive, na kila mmoja anajua tarehe kuliko sisi.

Sasa tufike kwenye mavuno, kwa sababu hapo ndipo nilipokata tamaa na elimu yangu yote ya zabibu. Inaanza mwishoni mwa Septemba, inakwenda Oktoba yote, na zamani hata Novemba. Unapewa mkasi na ndoo mbili. Kichala kimoja kiko mkononi mwako. Upande huu punje ni za kijani zenye vipaku vya kahawia, zimebana, ukiuma zinakukunja uso. Upande wa pili punje zimegeuka rangi ya jeraha lililovilia damu, zimesinyaa, zina vumbi la kijivu lenye manyoya. Mtu yeyote aliyelelewa vizuri angezitupa. Thubutu! Hizo ndizo dhahabu. Kuvu iitwayo Botrytis imetoboa ngozi, maji yametoka kwa mvuke, sukari imebaki imekolea; ukionja unapata asali na ganda la chungwa. Lakini punje iliyo jirani yake, ya rangi ileile, vumbi lilelile, inavuja kidogo na inanuka siki. Hiyo ni kazi ya nyigu na bakteria, na ikiingia kwenye ndoo baba mkwe anaipata kwa pua akiwa mistari miwili mbali.

“Huu uozo mbaya!” anapiga kelele. “Ule pale ndio uozo mzuri!”

Wavunaji wetu ni Wapolandi na Waromania wanaokuja kila msimu, na wao wanautambua kwa kupapasa tu. Mimi, mtoto wa Dodoma, nimesimama mguu mmoja juu ya jiwe, nanusa kuvu.

Mzee yeye anapima. Anacho kidarubini kidogo: anaminya tone la juisi juu ya kioo, anakielekeza angani, anafumba jicho moja, anatamka namba. Kipimo chenyewe kina jina la Ferdinand Oechsle, fundi wa Pforzheim wa karne ya 19. Lita moja ya juisi ikiwa na gramu 1,080, yaani imezidi maji kwa gramu 80, hiyo ni Oechsle 80. Sheria ya Ujerumani inapanga vyeo vya mvinyo kwa namba hizo, kuanzia Kabinett ya kawaida hadi Trockenbeerenauslese, inayotaka 150 na chupa yake ndogo inauzwa kwa bei ya mbuzi kadhaa. Msimu wa mavuno wanaume wa kijiji hiki hawaamkiani. Wanatajiana namba. Wa kwanza anasema yake, wa pili anasema yake iliyozidi kidogo, wanaagana wakichukiana.

Cheo cha Spätlese, yaani mavuno ya kuchelewa, kina kisa ambacho nakipenda kwa sababu za kibinafsi. Kule Johannisberg, karibu na mto Rhine, watawa hawakuruhusiwa kuvuna mpaka kibali kitoke kwa mkuu wao aliyekuwa Fulda. Mwaka 1775, inavyosimuliwa, tarishi aliyetumwa kukifuata alichelewa kwa majuma kadhaa. Aliporudi zabibu zilikuwa zimeoza. Wakazikamua hivyohivyo, na mvinyo ukatoka mtamu ajabu. Leo tarishi huyo ana sanamu pale kasri, juu ya farasi wake. Katika Ujerumani yote mimi namjua mchelewaji mmoja tu aliyejengewa sanamu. Nimeutaja mfano wake mara nyingi mezani, nikifika chakula kimepoa, na haujawahi kunisaidia.

Pishi la mvinyo liko chini ya nyumba, na kule ninakwenda kwa hiari kwa sababu sakafu yake ni tambarare. Mvinyo mweupe hautaki kukaa na maganda wala mbegu, kwa hiyo zabibu zinaminywa upesi lakini taratibu, saa nzima na zaidi, mashine inajaa upepo na kupumua. Juisi inayotoka ni tope la kijani. Inaachwa usiku kucha itulie, ya juu inahamishiwa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 1,000 hivi, na hapo inaachiwa hamira. Baba mkwe hanunui hamira. Anasema iliyomo kwenye kuta za pishi inatosha. Kwa kuwa pishi ni la baridi, inachachuka polepole, majuma na majuma, mengine hadi Krismasi imepita. Muda wote huo inatoa hewa isiyovutwa, nzito, isiyo na harufu, inayotulia chini. Kwa hilo sina utani: unashuka na mshumaa uliowashwa, ukizimika unageuka mbio.

Mapipa yakiwa matupu lazima yasuguliwe ndani. Yana kimlango mbele, kidogo, ambacho mtu anaingiza mkono mmoja, kichwa, kisha mabega kwa mshazari, kama mtoto anayebadili nia ya kuzaliwa. Katika ukoo mzima wa wakwe zangu, uliolelewa kwa viazi na soseji, mwembamba ni mimi. Nadhani hiyo ndiyo mahari niliyotozwa.

Na baada ya yote, wageni wanakuja kuonja. Wanakaa uani, wanainua glasi kwenye mwanga, wanazungusha, wanachomeka pua. Wanausifu uchachu wake. Uchachu! Kile ambacho kwetu muuzaji anakiombea radhi, hapa kinaongezewa bei. Mwaka wa baridi juisi inakuwa kali hata sukari kidogo inaachwa makusudi isichachuke, ili kinywa kisifunge, na kilevi kinabaki asilimia nane tu. Niliipeleka chupa moja Dodoma. Mjomba aliinywa yote, akashukuru kwa juisi, akauliza mvinyo uko wapi. Halafu kuna ile iliyokaa miaka. Riesling ya zamani hunuka mafuta ya taa, na hayo si matusi yangu, wataalamu wenyewe ndio wanaosema, huku wamefumba macho kwa raha. Mama yangu mafuta ya taa yalipomwagikia mchele alilia. Laiti angejua angewaalika wageni.

Kisha wanatema. Wameletewa ndoo maalumu, ya kung’aa. Riesling iliyopanda mlima kwa kidevu changu, iliyoponyoka watakatifu watano, iliyochambuliwa uozo kwa uozo, inazungushwa mdomoni sekunde chache na kutemwa kwa ufundi, bila hata tone kwenye tai. Ndoo hiyo nani anamwaga?

Huwa nalalamika kwa sauti, na mke wangu anasema nimekuwa mwenyeji kamili. Kulalamika hapa ni zao la pili baada ya zabibu. Lina historia. Karl Marx alizaliwa Trier mwaka 1818, na baba yake, wakili, alikuwa na mizabibu. Mwanzoni mwa 1843 Marx aliandika gazetini kuhusu dhiki ya wakulima wa Mosel, ambao mvinyo wao ulikuwa umeporomoka bei huku serikali ya Prussia ikiwaambia waache kutia chumvi. Gazeti likafungwa mwaka huohuo. Mwaka 1859 mwenyewe alieleza kwamba hali ya wakulima hao ni miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kuanza kushughulika na uchumi. Kwa hiyo mtu asidharau manung’uniko ya huku. Yaliyopita yalizaa vitabu vinene. Babu yangu naye alihamishwa wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, akaiacha nyumba yake na kupelekwa kijiji cha ujamaa. Najua Mwalimu alisema ujamaa wake mizizi yake ni familia ya Kiafrika, si vitabu vya Marx. Nami nampa haki yake. Lakini baba mkwe akianza kulia juu ya bei ya mvinyo, huwa namwomba kwa adabu apunguze sauti. Hatujui nani anaandika.

Siku hizi amepata lalamiko jipya: joto. Majira ya kiangazi yamekuwa makali, zabibu zinaungua na jua zikiwa shambani, mavuno yanawahi, na ule uchachu wanaoupenda unapungua. Mtu aliyelia maisha yake yote kwamba nchi ni baridi sasa analia kwamba haina baridi. Na kinachomliza hasa ni Eiswein. Huo ni mvinyo wa zabibu zilizogandia mtini, na kiwango ni nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi. Zinachumwa kabla ya mapambazuko, zinakamuliwa zingali mawe, maji yanabaki barafu kwenye mashine na kinachodondoka ni utamu mtupu. Katika mavuno ya mwaka 2019 haikuwezekana popote. Maeneo yote 13 ya mvinyo ya Ujerumani yaliingoja baridi ile mpaka majira yakaisha.

Mzee hakati tamaa. Mwaka huu tena ameacha mistari kadhaa juu kabisa, ameifunika neti, kwezi wanaizunguka kwa matusi. Kila jioni anasoma utabiri wa hali ya hewa, anakwenda kukigonga kipimajoto cha ukutani kwa kidole, anarudi amenuna. Mtu huyohuyo aliyewasihi watakatifu wa Mei wapite mbali anashinda Desemba akiwabembeleza warudi. Ametangaza kwamba nyuzi zikifika saba tutapanda wote, saa yoyote, kwa hiyo kila mtu alale na simu karibu na soksi za sufu miguuni. Mimi yangu naizima saa mbili usiku. Tatizo ni kwamba mzee ana ufunguo wa mlango wetu.